Khitma ya Mzee Badru

Kwenye khitma ya Mzee Badru, mwenye bekari, watu walimsifu kwa zamu. Adhana ikilia, alikuwa akifunga bekari hata kama wateja wamejaa. Jioni hakugusa chakula mpaka wanawe wote wakae mkekani.

Mjane wake, Bi Salha, alisikiliza nyuma ya pazia. Kisha akasimama Idarusi, mshirika wa marehemu.

"Alinifia mikononi, akitoa shahada," alisema huku akilia. "Alikwenda kwa amani."

Bi Salha alijikaza asipige ukelele. Yeye ndiye aliyemwosha mumewe, akaziona alama za vidole shingoni.

Watu walipotawanyika, Idarusi aliinua pazia bila hodi, kikombe cha chai mkononi.

"Kunywa, shemeji. Sasa mimi ndiye wa kuwatazama."

Kabla Bi Salha hajajibu, bintiye mdogo aliyeketi kando yake alinyoosha mkono kukipokea.