Matangazo ya Saa Sita

Mkurugenzi Kalaba alikubali mara moja, na hilo ndilo lililomuumiza Léonie.

Kwa miezi kadhaa alikuwa akimwomba amwondoe kwenye kazi ya kusoma matangazo ya vifo redioni, na kila mara Kalaba alicheka, akamrudisha kwenye maikrofoni. Asubuhi hii alifika na sanduku lake la safari, tayari kwa ugomvi. Hapakuwa na ugomvi. Kalaba aliinuka, akafunga mlango, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Enda, mama. Usingojee saa sita. Séphora atasoma. Anaclet atakupeleka na motokari mpaka ku nyumba."

Aliyasema hayo akiitazama meza.

Nje, Séphora, msichana ambaye Léonie mwenyewe alimfundisha kazi, alipita na macho mekundu bila kusalimu. Anaogopa maikrofoni, Léonie aliwaza. Anaclet, dereva asiyeweza kuendesha bila muziki, alikuwa ameizima redio ya gari na kuvua kofia.

"Twende, mama Léonie. Pole pole tu."

"Miye si mugonjwa, Anaclet. Kama banachoka na miye, nitaenda na miguu yangu."

Alizima simu, akalivuta sanduku hadi kituoni, akapanda basi la Kasumbalesa, mji wa mpakani. Ng'ambo ya mpaka ilikuwepo Zambia, na mbali zaidi Livingstone, ambako maji, alivyoambiwa, huanguka kwa kishindo hata mtu asisikie jina lake likiitwa. Hicho ndicho alichokitaka. Kwa miaka mingi majina ya marehemu yalikuwa yamemfuata hadi usingizini. Sokoni wanawake walinyamaza alipouliza bei ya nyanya, kwa kuwa kila mmoja aliijua ile sauti.

Ni baba yake peke yake aliyeipenda kazi hiyo. Jana jioni, nyumbani kwake kule Kasungami, baba huyo, mzee Kangwa, alilifunga sanduku hilo kwa kamba, maana kufuli yake ilikuwa imevunjika.

"Sasa miye, nani atanisoma?"

"Papa, weye unakula kunipita miye!"

"Bale bengine banasomaka mbio, sawa bantu banakimbia mvua. Miye nataka pole pole."

Walikuwa wamecheka wote wawili. Kisha mzee akalikaza fundo, akalijaribu kwa kidole, akaridhika.

Kabla ya mpaka, basi lilikwama nyuma ya mlolongo wa malori. Jirani yake, mfanyabiashara wa jumla kutoka Butembo aliyejitambulisha kwa jina la Mama Mbambu, alimwuliza kama dirisha linafunguka. Léonie alipojibu, mama yule aligeuka mwili mzima.

"Ee! Ile sauti! Ni weye mwenye kusomaka majina ya bantu benye kufa?"

Léonie alingoja uso ule ujifunge, kama nyuso za sokoni. Haukujifunga.

"Yaya yangu, mukubwa wetu wa tumbo moja, alikufia kule kwenu Lubumbashi. Hatukukuwa na mutu. Tukasema, nani atakuya ku kilio ya mugeni? Halafu ukasoma jina yake, kama vile ulimujua. Bantu bakakuya mpaka viti vikakosa." Alipangusa jicho kwa ncha ya kitenge. "Na sasa unaenda wapi?"

"Kutembea, mama. Niliacha kazi."

"Uliacha?" Mama Mbambu aliiachia ncha ya kitenge. "Basi ule mwenye kufa leo, nani atamusindikiza?"

Léonie aligeukia dirisha. Siku zote aliyahesabu majina yale kuwa mzigo wake. Hakuwahi kuwafikiria wanaokaa upande wa pili wa redio, waliomngoja alitamke jina la mtu wao mbele ya mji mzima. Aliitazama barabara, malori yaliyozimwa, madereva waliolala chini ya matela. Livingstone ilimtoka moyoni jinsi hamu ya chakula inavyomtoka mgonjwa.

Aliiwasha simu. Redioni walikuwa wamempigia tena na tena. Kumbe wanajuta, aliwaza, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alifurahi. Akapiga.

"Directeur, pardon. Nilikosea. Ninarudia ku kazi."

"Uko wapi, mama?" Sauti ya Kalaba ilikuwa ya mtu aliyechoka.

"Karibu na Kasumbalesa. Kesho nitasoma."

"Kesho hapana. Pumzika kwanza. Anaclet alikuona unapanda basi, iko mu njia na motokari, anakufuata." Kisha akasita. "Ile redio naisikia nyuma yako, ni ya nani?"

"Ya chofere wa basi."

"Mama, umwambie..."

Mtandao ukakatika.

"Hata motokari banatuma," Léonie alimwambia Mama Mbambu, akicheka huku machozi yakimlenga.

"Si nilikuambia? Enda, mwanangu. Livingstone haitahama."

Léonie alisimama, akaliteremsha sanduku, akaangalia kama kamba bado imekaza. Fundo la baba yake lilikuwa halijalegea hata kidogo.

Ikawa saa sita. Dereva alipandisha sauti ya redio, na katikati ya mikwaruzo Séphora akaanza kusoma. Hakukimbia. Kila jina alilipa uzito wake, kisha akapumua, kama alivyofundishwa. Léonie, sanduku mkononi, aliitikia kwa kichwa, msichana ameweza.

"Familia ya Chisanga, huko Kasungami," Séphora alisoma, pole pole, "inatangaza kwa huzuni kubwa kifo cha mzee wao, Kangwa Chisanga, kilichotokea leo alfajiri. Kilio kiko nyumbani kwake. Mtoto wake wa kwanza, Léonie, aliye safarini, anaombwa arudi."