Damu ya Bwana Harusi

Firmin hakulia. Alisikiliza habari yote akiwa ameketi wima kwenye kiti cha mbao, mikono juu ya magoti, kisha akauliza jambo ambalo Anne-Marie hakulitarajia.

"Maman, mutu mwenye hajajua mwanamuke hata siku moja, anaweza kuipata?"

Anne-Marie alikuwa muuguzi, na tangu mwaka uliopita alikuwa akizunguka mitaa ya Bukavu akiwafundisha watu juu ya SIDA, yaani UKIMWI. Alikwisha kuzoea wanaokana. Lakini Firmin, fundi cherehani wa Kadutu, kijana ambaye hakuna bar iliyokosa kumwona akicheza na wasichana, kukana namna hiyo! Alimeza hasira.

"Firmin, hapa tuko wawili tu. Hakuna mwenye anakuhukumu."

"Nimeuliza tu, maman."

Mvua ilikuwa inapiga mabati ya chumba hicho kidogo, nyuma ya ukumbi wa parokia. Ni katika ukumbi huo Anne-Marie alikuwa ameitisha mkutano mwanzoni mwa kiangazi. Watu walijaa mpaka madirishani. Alipoivalisha ndizi kapoti, yaani kondomu, ili waone inavyotumika, sauti moja ikatoka nyuma: "Maman, na mwenye hana ndizi ku nyumba afanye nini?" Watu walicheka hadi kupiga mabenchi. Mwingine akasema SIDA ni hadithi ya Wazungu, wanaona wivu namna Wazaïre wanavyopendana.

Papa Aloys, baba wa Yolande aliyechumbiwa na Firmin, hakucheka. Alisimama akasema mbele ya wote kwamba mchumba wa binti yake ataleta karatasi ya damu, ama abaki na ng'ombe wake. Watu walipiga makofi. Anne-Marie naye alipiga.

Tangu siku hiyo wazazi wengi walianza kudai karatasi. Vijana walitumwa kwenye maabara ya hospitali, damu ikatolewa, na majibu yakaletwa kwa Anne-Marie ili amwambie kila mmoja peke yake, kwa siri. Majibu yote yalikuwa mazuri. Ilimshangaza kidogo, maana wodini vijana wa rika lile lile walikuwa wanakonda na kufa. Alimshukuru Mungu, akaendelea na kazi. Jibu la Firmin lilikuwa baya la kwanza.

"Na mwenye banamuwekea damu ku hospitali?" Firmin aliuliza. "Tuseme kamioni ya mizigo ilianguka njia ya Walungu, bakamuwekea damu ya mutu mwingine."

"Anaweza kuipata. Ile damu haipimwake ku kila hospitali. Weye ulishawekewa damu?"

Anne-Marie alimtazama mikono, shingo, paji la uso. Hakuona kovu hata moja. Anatafuta mlango wa kutokea, aliwaza. Acha atafute.

"Mutu wa vile anaishi miaka ngapi?"

"Sijui. Bengine miaka mingi, bengine kidogo. Dawa ya kuponyesha haiko bado. Siwezi kukudanganya."

Hapo Firmin aliinama, uso ukafika magotini. Anne-Marie alisogeza kiti chake karibu, akamwekea mkono begani. Katika kazi hiyo alijua kwamba kuna wakati mtu hahitaji somo, anahitaji ndugu.

"Niite mutu wa kwenu? Philémon iko mu likizo, nilimuona ku misa. Mudogo wako ni museminari, anasomea upadri, ataomba pamoja na weye."

Firmin alishtuka kama aliyeungua. "Philémon hapana! Nakuomba, maman. Philémon asijue!"

"Basi, hatajua. Lakini Yolande lazima ajue. Harusi ni Jumamosi."

"Ile karatasi haimuangalie Yolande, haimuhusu."

"Namna gani haimuangalie? Jumamosi mutalala kitanda kimoja, halafu haimuangalie?"

"Ile karatasi hapana, maman."

Upole wa Anne-Marie ulikoma. Yolande alikuwa mtoto wake wa ubatizo. Alikuwa amembeba mikononi siku alipomwagiwa maji kichwani. Katika kazi yake yote hakuwahi kutoa siri ya mgonjwa. Hata hivyo alisimama, akachukua mwavuli wake.

"Kama weye huna mudomo wa kumuambia, miye niko nao. Naenda kwa papa Aloys sasa hivi."

Firmin alimtangulia mlangoni, akaegemeza mgongo kwenye ubao. Sasa alikuwa analia waziwazi.

"Maman, ile siku miye sikufika ku hospitali. Niliogopa."

"Hukufika? Na damu?"

"Tulikaa familia yote. Bakasema, Firmin amezunguka sana, akipimwa tutapoteza bibi harusi. Haiko miye tu, maman. Bachumba bote njo vile banafanyaka. Banatuma mutu mwingine na jina yabo."

Mwavuli ulimponyoka Anne-Marie. Firmin alijipangusa uso kwa mkono wa shati.

"Tulichagua mwenye iko safi kuliko siye bote," alisema. "Tukatuma Philémon."