Mguu Mmoja Nje ya Seng'enge

Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Kichwangumu alikuwa ameshapitisha mguu mmoja nje ya seng'enge, nyuma ya choo cha kambi, aliposikia sauti ya sajenti kutoka uwanjani.

"Yuko wapi?"

Alijua kinachofuata. Kuruta mmoja akikosekana, wenzake wote hunyanyua bunduki juu ya vichwa, juani, mpaka apatikane. Shauri yao! Miezi miwili hakumsalimia mtu, wala hakuna aliyemsalimia.

Mwiba wa waya ulikuwa umezama kwenye nyama ya paja. Damu ilimchuruzika mpaka ndani ya buti.

"Yuko chooni, afande," akajibu kuruta wa kwanza mstarini, bunduki tayari juu ya kichwa.

"Chooni, afande. Tumbo linamwendesha," akasema wa pili, pumzi zikimkatika.

Wa tatu naye vilevile. Kisha jirani yake wa kitanda, ambaye juzi tu Kichwangumu alimng'oa jino kwa ngumi: "Kweli, afande. Tangu alfajiri."

"Naenda kumtazama mwenyewe. Nisipomkuta, mtalala na hizo bunduki juu."

Buti za sajenti zikaanza kusaga changarawe.

Kichwangumu aliitazama barabara ng'ambo ya waya, nyeupe, tupu. Kisha akauvuta mguu ndani, nyama ikachanika, akaukimbilia mlango wa choo huku akifungua mkanda.