Nusu ya Pili ya Uso

Mwalimu wa kozi ya mtandaoni ya kuchonga sanamu kwa kompyuta alisema wanaoanza wachonge nusu ya uso tu. Ukibonyeza kitufe cha kioo, kompyuta inakujazia nusu ya pili.

Binti aliamua kumchonga baba yake, maana nyumba nzima ni yeye tu asiyekuwa na haraka ya kwenda popote. Akamkalisha kwenye kiti chake cha enzi za ukinyozi, akaanza na upande wa kulia: sikio, shavu, pembe ya mdomo.

"Usinifanye kama kikombe chako cha wiki iliyopita," baba alisema polepole, "hakina hata pa kutilia chai."

"Tulia basi, baba. Unatikisa kidevu."

Akabonyeza kitufe. Kufumba na kufumbua, uso ukakamilika.

Hapo ndipo alipoliona kosa lake. Tangu baba apate kiharusi, upande wake wa kushoto ulikuwa umelegea, na mdomo umeshuka kiasi kwamba taulo la kufutia mate halimtoki mkononi. Kwenye skrini mdomo ulikuwa umenyooka, kama wa mtu anayetaka kuanza kupiga soga na wateja.

"Samahani, baba. Ngoja nirekebishe."

Baba alisogea mbele. Akajipangusa pembe ya mdomo, akamtazama yule mtu wa kwenye skrini, kushoto na kulia, kama alivyokuwa akikagua kichwa alichomaliza kukinyoa.

"Usimguse," alisema. "Mwache hivyo hivyo mpaka mama yako arudi kutoka kazini, naye amwone."