Arobaini ya Mtoto

Miaka ile ncha za usumaku wa dunia zikihama na ngao yake ikizidi kulegea, kila mtoto mchanga alivishwa kikuku cheupe mkononi. Kikigeuka cheusi, mionzi ya jua imeshamwingia, na hilo halina dawa.

Shuweha alitoka jikoni akakuta kitanda cha mtoto kitupu. Mara mama yake akaingia kutoka uani, amembeba mjukuu, uso umemkunjuka.

"Leo arobaini yake, mwanangu. Mtoto atatolewaje nje usiku, chini ya taa? Nimemwonyesha jua kidogo tu, kama nilivyokuonyesha wewe. Akacheka!"

Shuweha akaushika mkono ule mdogo. Kikuku kilikuwa cheusi tititi. Akakifunika upesi kwa kanga, bibi mtu asikione.

"Alicheka kweli? Hebu nisimulie, mama."