Mtoto wa Kuazima

Mtaa mzima wa Bondeni ulikuwa na mtoto mmoja wa kuazima, naye ni Tamimu wa Mwanakheri. Askari wa darajani walikuwa na macho ya ajabu. Vijana weupe wa Mlimani walipita kana kwamba hawaonekani, wasichana wa Bondeni waliambiwa "pita, dada," lakini mvulana mweusi wa Bondeni aliwekwa ukutani mpaka jua lenyewe limchoke. Akibeba mtoto ndipo hupita. Mwizi gani huenda kuiba na kitoto begani?

Asubuhi hiyo Feruzi, mvulana wa Bondeni, alikuwa anaanza kazi kwenye tanuri la mikate ng'ambo ya daraja. Kazi ya kwanza ilimpotea akiwa ukutani.

"Dada yako atakufuata nyuma; ukivuka, mpe amrudishe," alisema Mwanakheri. "Na umshike sana, siku hizi ameota miguu."

Kweli, walipofika darajani Tamimu alijipinda kama kambare. "Chini! Tembea!"

"Nyamaza baba, tuvuke kwanza," Feruzi alimbembeleza, jasho likimtoka.

Mtoto akaponyoka. Akaenda moja kwa moja ukutani walikosimamishwa wavulana wawili, akabandika viganja vyake kama wao, akatulia tuli.

Askari alicheka mpaka kofia ikamwanguka. "Huyu kajifunza mapema!" Kisha akamtazama Feruzi, aliyebaki na mikono mitupu. "Na wewe je?"

Ng'ambo, mikate ilishaanza kunukia. Tamimu aligeuza shingo, akamwona Feruzi, akasogea kidogo kumwachia nafasi ukutani.