Muzee wa Nyumba ya Tatu

Kwa mara ya saba, joka ya bichwa tatu ikamumeza Polycarpe mu salon ya nyumba yake mwenyewe, saa tisa ya muchana, akiwa bado na viatu bya misa mu miguu.

"Yooo! Nimekufa tena! Ernestine, tayarisha kilio, lakini nyama ikuwe mingi!"

Ernestine, bibi yake, alikuwa chini ku mukeka anachambua maharagi, ameipatia televizio mugongo. Hakucheka. Lakini haikuwa juu yake njo Polycarpe alikuwa anakufa-kufa hivi. Ilikuwa juu ya Mado.

Mado, binti yao wa miaka kumi, siku nane sasa alikuwa hasemi. Homa, hakuna. Munganga alimutazama mu kinywa, hakuona kitu. Chakula anakula, kazi anafanya, ukimuita anakuja. Neno hata moja, hapana. Alikuwa anakaa tu pale karibu na mulango, mugongo ku ukuta, na anatazama ile jeu, ule muchezo wa ku televizio, sawa mutu mwenye anatazama mvua.

Ernestine alisema mutoto anamulilia Mianda, rafiki yake wa ng'ambo ya lupango, mwenye alikuwa anakaa naye banc moja ku masomo. Bazazi ba Mianda balikuwa batu ba Kasai, jimbo ya mbali, na mwaka ule kila mutu wa Kasai aliambiwa arudie kwabo, hata yule mwenye alizaliwa hapa Kolwezi na hajui Kasai iko upande gani. Sasa balikuwa ku gare na bengine elfu na elfu, banalala inje, banangojea train yenye haifike.

"Batoto banasahauka," Polycarpe alijibu.

Yeye alikuwa mutu wa michezo tangu zamani. Ku université, mbele arudie na nusu ya diplome, siku moja alimuvalisha mbuzi abacost, koti ya bakubwa ba serikali, akamuingiza mu auditoire penye banafundishia, akamukalisha mbele kabisa. Batu ba avenue bangali banaicheka mpaka leo. Mutu wa vile atashindwa kuchekesha mutoto wake mwenyewe? Alijua Mado kitu yenye anapendaka: kuona mutu mukubwa anashindwa. Njo maana kila siku alikuwa anawasha mashini ya jeu. Kila mwenye aliuliza inatoka wapi alimuambia: "Masudi ameniletea toka Zambia, chini ya mifuko ya bunga." Masudi alikuwa transporteur, alikuwa anapitishaka hata bitu yenye haina jina. Hakuna mwenye aliuliza mara mbili.

Picha ikazima. Polycarpe hakushituka. Alikunja fil, waya ya mashini, mara mbili, akaiegemeza juu ya kisanduku cha kibiriti, akapiga kidole kidogo. Picha ikarudi.

"Tunaendelea! Mado, tazama baba yako namna anakwenda kufa muzuri."

Dunia ya ile jeu ilikuwa mubaya mubaya. Mashamba imeungua. Mito iko na sumu. Mifupa ya batu ku njia, na ku kila kona munyama ya ajabu inakungojea. Polycarpe aliamini yote.

"Joka ya bichwa tatu? Inaweza kuwa. Jirani mwenye anageuka fisi wakati ngoma inalia? Yule hata mi namujua, tunanunuaka mukate pamoja."

Akafika mu kijiji fulani. Nyumba ya kwanza, hakuna kitu. Ya pili, hakuna kitu. Mu ya tatu, muzee mumoja alikuwa anasimama karibu na meza. Polycarpe akazunguka, akazunguka tena. Safari hii hakuwa anajifanya mujinga: kweli alikuwa amepotea.

"Sasa tunafanya nini hapa?"

Mado akainua mukono. Pole pole akanyoosha kidole: sanduku, mu kona, nyuma ya muzee.

Siku nane! Polycarpe akafungua sanduku mbio mbio. Akatosha taa, akatosha upanga, akatosha mukate. Muzee hakutikisika. Kisha maneno ya Kifaransa ikatokea chini ya picha, na Polycarpe akaisoma kwa sauti:

"Musafiri, wakati ya kutoka uchunge ngazi ya pili. Imeoza."

Polycarpe akatupa manette, kile kidude cha kuchezea, juu ya magoti, akacheka mpaka machozi.

"Ah non! Hapa banatuona bajinga! Joka, naamini. Fisi, naamini. Lakini mutu, unaingia mu nyumba yake, unafungua sanduku yake, unabeba bitu yake, na yeye eko anasimama tu? Hapigi makelele? Hakutukani hata mama yako? Tena anakupatia shauri kusudi usianguke na bitu yake mu mikono? Huyu mwenye aliandika hii jeu hajakaa na batu hata siku moja! Mutu wa vile hakuna. Mu dunia muzima, hakuna!"

Mikono ya Ernestine ikasimama mu maharagi.

"Polycarpe. Acha."

"Niache nini? Hauone mutoto anaanza kupona?" Akageuka, akapiga magoti mbele ya Mado, akamushika mashavu. "Sema weye, mama yangu. Uliona siku moja mutu wa vile?"

Mado akafungua kinywa. Sauti ikatoka kidogo, kavu.

"Papa ya Mianda," alisema. "Weye ulibeba televizio yabo, mi nilibeba manette. Njo yeye alikuonyesha namna ya kuweka kibiriti."